Wanaokaa Kando na Wanaomwaga Unga

Tarehe 13 Februari 2006, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mawaziri wake wawili wamejiuzulu: George Saitoti wa Elimu na Kiraitu Murungi wa Kawi. Siku chache kabla yao, David Mwiraria wa Fedha alikuwa ametangulia. Saitoti aliondoka kwa sababu ya Goldenberg, kashfa ya enzi ya Moi. Mwiraria na Kiraitu waliondoka kwa sababu ya Anglo Leasing, kashfa iliyokomaa ndani ya serikali ambayo wananchi waliichagua ije imalize mambo ya enzi ya Moi. Wote watatu walikana kufanya kosa lolote. Kufikia Novemba mwaka huohuo, Saitoti na Kiraitu walikuwa wamerudi kwenye Baraza la Mawaziri, na 2007 Mwiraria naye akarudi.

Kashfa hizo mbili zimetuachia vitabu viwili ambavyo aghalabu husomwa mbalimbali. Kimoja ni It's Our Turn to Eat cha mwanahabari Mwingereza Michela Wrong, kilichotoka 2009, kinachosimulia habari za John Githongo na Anglo Leasing. Kingine ni The True Story of David Munyakei cha Billy Kahora, kilichochapishwa na Kwani Trust, kuhusu karani wa Benki Kuu aliyetoboa siri ya Goldenberg. Cha kwanza kilizua kishindo, kikatajwa bungeni, baa na makanisani. Cha pili kinajulikana zaidi na wapenzi wa fasihi. Nimevisoma tena vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na ninadhani ni kosa kuvitenganisha. Ukisoma Wrong peke yake, utaona kujiuzulu kuwa suala la ujasiri. Ukimwongeza Kahora, unaona pia kuwa ni suala la nani ana pa kwenda.

Tuanze na neno lenyewe. Kumuuzulu mtu ni kumwondoa cheoni. Ukiingiza -ji-, mtendaji na mtendwa wanakuwa mtu mmoja: ninajiondoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo kazi ambayo silabi ile moja inafanya. Lakini Wakenya tumetunga lingine, "kukaa kando", na wanasiasa wetu wanalipenda kuliko lile la kwanza. Aliyekaa kando hajaondoka. Amesogea kwenye benchi kama mchezaji wa akiba, uwanja anauona, viatu hajavua, na kocha bado ni rafiki yake. Machi 2015, wakati Rais Uhuru Kenyatta alipopeleka bungeni orodha ya maafisa wanaochunguzwa kwa ufisadi, mawaziri watano walikaa kando. Hakuna aliyesema wamejiuzulu, na kisarufi alikuwa sahihi.

Hayo ni maneno ya wakubwa. Mtu wa kawaida akipoteza kazi, lugha hubadilika ghafla. Amepigwa kalamu. Ametimuliwa. Amemwaga unga. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linasema ukweli bila kupamba: kazi ilikuwa unga, unga ulikuwa ugali, na sasa umemwagika sakafuni na watoto wanatazama. Kwa waziri, kazi ni kiti, na kiti unaweza kukiacha ukakirudia. Unga uliomwagika hauzoleki.

Ndiyo maana jina la kitabu cha Wrong lilitushika mara moja. Ni sentensi yetu iliyovishwa Kiingereza. Zamu yetu ya kula: kila Mkenya anajua maana yake bila kufunguliwa kamusi. Kiswahili chetu kimejaa ulaji wa aina hii. Watu hula rushwa, hula njama, hula pesa za umma. La kushangaza ni kwamba hata kiapo tunakila. Waziri husimama Ikulu, Biblia ama Kurani mkononi, na mtangazaji wa redio anatuambia kwamba waziri mpya amekula kiapo. Kwa hiyo mlo wa kwanza ni kiapo chenyewe, na inayofuata hufuata. Balozi wa Uingereza, Edward Clay, aliingia katika sitiari hiyohiyo Julai 2004 aliposema kwamba wakubwa wamekula hadi wakawatapikia wafadhili viatuni. Serikali ilikasirika kwa sababu ya adabu. Wananchi wengi walicheka kwa sababu mgeni alikuwa ameelewa lugha ya nyumba.

Kwa wasomaji ambao Anglo Leasing ni jina tu walilosikia wazazi wakilitaja, hebu niieleze kwa ufupi. Serikali ilitaka mtambo mpya wa kutengenezea pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya takriban yuro milioni 6. Kandarasi ikapewa Anglo Leasing and Finance, yenye anwani ya Liverpool, kwa yuro milioni 31.89. Aprili 2004 mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore, aliileta habari hiyo bungeni. Ikadhihirika kwamba kampuni hiyo ilikuwa kampuni hewa, na kwamba kulikuwa na kandarasi nyingine za aina hiyo, 18 kwa jumla, baadhi zikiwa zimeanza chini ya Moi na kuendelezwa chini ya Kibaki. Halafu likatokea jambo ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kuliandika lisije likaonekana la kubuni: pesa zilirudi. Yuro 956,700, yaani asilimia 3 ya kandarasi iliyokuwa imelipwa kama ada ya mwanzo, zilirejeshwa Benki Kuu, na hakuna aliyejitokeza kusema ni nani aliyezirejesha. Mzimu ulikuwa umekula, ukashikwa, ukarudisha sahani mezani na kutoweka.

Githongo alikuwa katibu wa kudumu aliyesimamia maadili ya utawala katika Ofisi ya Rais. Kabla ya hapo aliongoza tawi la Kenya la Transparency International. Baba yake alikuwa mhasibu mashuhuri na rafiki wa Kibaki. Kwa maneno mengine, hakuwa mgeni katika nyumba ile. Alianza kuchunguza kandarasi hizo kama kazi yake ilivyomtaka, na kwa mujibu wa maelezo yake, njia iliishia kwa wenzake wa karibu serikalini. Akaanza kuwarekodi kwa siri. Tarehe 7 Februari 2005, akiwa London, alituma barua fupi ya kujiuzulu.

Barua hiyo fupi ina ndugu yake mrefu. Mwishoni mwa mwaka huo, katika siku zilezile ambazo Kibaki alishindwa katika kura ya maamuzi kuhusu katiba tarehe 21 Novemba na kuvunja Baraza lote la Mawaziri siku mbili baadaye, Githongo alimwandikia rais ripoti ndefu akitaja majina, tarehe na mazungumzo. Januari 2006 ripoti ikachapishwa magazetini. Februari BBC ikatangaza sehemu ya kanda zake. Kamati ya Bunge ya kukagua hesabu za serikali ikasafiri hadi London, chini ya mwenyekiti wake, kiongozi wa upinzani Uhuru Kenyatta, na kumhoji Githongo ndani ya Ubalozi wa Kenya. Ni katika siku hizo ambapo mawaziri walianza kuondoka. Waliotajwa walipinga maelezo yake. Chris Murungaru, aliyekuwa waziri wa usalama, alimshtaki kwa kumharibia jina, na 2019 Mahakama Kuu ikamwamuru Githongo amlipe mamilioni ya shilingi. Hilo nalo ni sehemu ya hadithi. Anayeandika barua ya ukweli katika nchi hii anapaswa kuweka akiba ya wakili.

Wrong anaisimulia habari hii vizuri sana, na tusiwe wachoyo wa kusema hivyo. Anajua kujenga wasiwasi. Githongo anapofika nyumbani kwake London na mizigo yake, tunaingia naye mlangoni, na kuanzia hapo ni vigumu kukiweka kitabu chini. Pia hajifichi: anakiri kwamba ni rafiki wa anayemwandikia. Na hawapi wafadhili nafasi ya kunawa mikono. Anaonyesha jinsi Uingereza na Benki ya Dunia walivyoendelea kumimina fedha huku harufu ikiwafikia puani. Sura hizo bado ni kali leo. Si ajabu kwamba maduka mengi ya vitabu Nairobi yaliogopa kukiweka kwenye rafu, kitabu kikawa kinauzwa mkono kwa mkono, na nakala zake zikasambaa kwenye barua pepe kama uvumi.

Shida yangu iko kwenye neno moja la jina lake: "yetu". Hii "sisi" ni nani?

Jibu la Wrong, kwa sehemu kubwa, ni kabila. Anarudi nyuma hadi ukoloni, anaeleza hofu na matumaini ya Wakikuyu, anaonyesha jinsi kundi lililomzunguka Kibaki lilivyoamini kwamba baada ya miaka 24 ya Moi, zamu imefika. Anaonyesha pia jinsi Githongo alivyoambiwa na watu wa kwao kwamba anawasaliti wake. Yote hayo yalitokea, na ni haki kuyaandika. Tatizo ni kwamba kitabu kinaikubali lugha ya walaji kama maelezo ya ulaji. Walipotaka kumnyamazisha Githongo walitumia neno "sisi", kwa sababu ni neno linalofanya kazi. Lakini kandarasi ya pasipoti haikulisha jamii yoyote. Mama wa Nyeri aliyepanga foleni Nyayo House kutafuta pasipoti ya mwanawe alisimama nyuma ya mama wa Siaya, na kama pasipoti zile zingelipiwa mara tano ya bei, wote wawili wangelipa. Hakuna aliyempigia mama wa Nyeri simu kumwambia zamu yake imefika.

"Sisi" ya Anglo Leasing ilikuwa ndogo kuliko kabila. Ilikuwa ya wenye saini: wale ambao kalamu yao inaweza kufungua hazina ya taifa. Wrong anawajua watu hao mmoja mmoja, na anapowachora peke yao ni mwandishi hodari. Anapopanua kamera ili aione jamii nzima nyuma yao, picha inapoteza makali. Na tukumbuke kitabu kilitoka 2009, mwaka mmoja tu baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wasomaji wengi wakati huo walikuwa na kiu ya maelezo ya kikabila kwa kila jambo. Kitabu kiliwapa kinywaji walichokuwa wamekwisha kuagiza.

Kingine kinachokosekana ni wale waliobaki. Kandarasi 18 haziandikwi na mawaziri wanne. Kuna aliyezipiga chapa. Kuna mhasibu aliyepitisha malipo ya asilimia 3. Kuna dereva aliyebeba bahasha, na mwanasheria kijana aliyeambiwa "hii pitisha, mkubwa anasubiri". Mtu wa aina hiyo angeweza kuandika barua ya kujiuzulu? Angeituma kutoka wapi? Wrong ana ukarimu kwa shujaa wake na ana hasira kwa maadui zake, ila hawa wa katikati anapita karibu nao kama anayepita mapokezi akielekea ofisi ya bosi.

Hapa ndipo Kahora anapoingia, na ndipo kitabu chake chembamba kinapomlazimisha msomaji kukifungua tena kile kinene.

David Munyakei alikuwa mmoja wa hawa wa katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, katika idara iliyoshughulikia fomu za fidia ya mauzo ya nje. Fomu zilipita mezani pake. Aliona kampuni moja, Goldenberg International, ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, bidhaa ambazo Kenya haikuwa ikizalisha kwa kiwango chochote cha kutajika. Alitoa nakala za stakabadhi, na zikawafikia wabunge wa upinzani. Akakamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, kesi ikaanguka, lakini kazi hakurudishiwa. Alimwaga unga. Akaenda Mombasa, akasilimu, akaoa. Baadaye akarejea upande wa Narok. Serikali ya Kibaki ilipounda Tume ya Goldenberg 2003 chini ya Jaji Samuel Bosire, Munyakei aliitwa kutoa ushahidi, akapigwa picha, akapewa tuzo ya uadilifu. Kisha kamera zikaondoka. Alifariki Julai 2006, bado hajafika miaka 40, akiwa maskini.

Sasa weka tarehe hizo kando ya zile nilizoanza nazo. Februari 2006 ripoti ya tume ambayo Munyakei aliitolea ushahidi inafanya Saitoti aondoke. Julai Munyakei anafariki. Mwishoni mwa Julai hiyohiyo Mahakama Kuu inafuta yale yaliyosemwa dhidi ya Saitoti katika ripoti. Novemba Saitoti anarudi wizarani. Mahakama ilitoa uamuzi wake na sina nia ya kuirudia kesi hapa. Ninachosema ni kwamba mmoja alikaa kando miezi tisa, akarudi na gari lenye bendera. Mwingine alisubiri miaka 13 arudishiwe kazi ya ukarani, hakurudishiwa.

Kahora ni mwandishi wa namna nyingine kabisa. Hana kanda za siri wala mawaziri wa kuhojiana nao. Ana mtu mmoja, barabara ndefu, vyumba vya kupanga na kumbukumbu zisizokaa sawa. Hamfanyi Munyakei malaika. Anatuachia mtu anayejisifu kidogo, anayekasirika, anayechoka, ambaye hadithi yake mwenyewe wakati mwingine inamponyoka. Baadhi ya wasomaji hulalamika kwamba kitabu hakina kilele. Mimi naona hiyo ndiyo nguvu yake. Maisha ya mtu aliyepigwa kalamu hayana kilele. Yana kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Wrong anaandika kama filamu kwa sababu Githongo alikuwa na uwanja wa ndege, simu kadhaa na chuo cha Oxford kilichompokea. Kahora anaandika kama mtu anayesubiri matatu isiyojaa, kwa sababu Munyakei alikuwa na hiyo tu.

Ni kejeli ya ajabu kwamba kashfa ya Githongo ilihusu pasipoti. Kwa maana kilichomwezesha kujiuzulu kikamilifu, kwa ile -ji- iliyo timamu, kilikuwa pasipoti. Miaka 12 baadaye, Oktoba 2017, kamishna wa tume ya uchaguzi Roselyn Akombe naye alitangaza kujiuzulu akiwa New York. Sisemi hivyo kuwashusha. Kuondoka nchini kwao na kwenda kuishi mbali na watu wako ni gharama nzito, na Githongo hakukanyaga tena Kenya hadi 2008. Nasema tu kwamba kama barua ya kweli ya kujiuzulu inalazimika kutumwa kutoka ng'ambo, basi tumewaachia wachache sana uwezo wa kuwa waaminifu.

Mtu atanijibu kwamba wapo waliojiuzulu hapahapa nyumbani bila kukimbia. Ni kweli, na mfano mzuri kuliko wote ni Martha Karua. Aprili 2009 aliacha Wizara ya Haki akilalamika kwamba anazuiwa kufanya kazi yake, baada ya majaji kuteuliwa bila yeye kuhusishwa. Hakukaa kando. Aliondoka, na serikali ile hakuirudia. Lakini linganisha na Amos Kimunya, waziri wa Fedha katika serikali ileile mwaka mmoja kabla. Bunge lilipomwandama kuhusu mauzo ya hoteli ya Grand Regency, alisema hadharani kwamba heri afe kuliko kujiuzulu. Siku chache baadaye, Julai 2008, akajiuzulu. Januari 2009 akarudi kwa wizara nyingine. Karua alikuwa na jina, kiti cha ubunge na wapiga kura wa kumrudia. Hoja yangu inabaki palepale: kujiuzulu kunawezekana mahali ambapo kuna kitu chini ya miguu yako zaidi ya kazi unayoiacha.

Kibaki mwenyewe alilijua hili kuliko wengi. Desemba 1991, akiwa waziri wa Afya wa Moi, alijiuzulu akaenda kuunda chama cha DP. Alikuwa ameshika wizara na umakamu wa rais. Alikuwa na mali na jina, na siasa za vyama vingi zilikuwa zimefunguliwa mwezi huohuo. Alijua saa ya kutoka. Alipokuwa rais aliyebanwa kila upande, baraza lake limevunjika na barua za waliomwacha ziko magazetini, alifanya walichofanya wakubwa wake wa zamani: alinyamaza, akaacha wengine wakae kando, akangoja upepo utulie. Wrong anamchora kama mzee aliyechoka na asiyetaka kusikia. Pengine. Ila mtu aliyewahi kujiuzulu kwa wakati unaofaa hawezi kuwa hakuelewa maana ya barua iliyomfikia kutoka London.

Jirani zetu wana mfano ambao hutajwa mara nyingi, na unastahili kutajwa kwa uangalifu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania baada ya watuhumiwa kuteswa na kufa mikononi mwa maafisa wa usalama kule Mwanza na Shinyanga. Hakuna aliyesema kwamba Mwinyi mwenyewe aliwagusa. Aliondoka kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa chini yake. Yeye pia alirudi, tena juu kabisa: 1985 Nyerere alipong'atuka, Mwinyi ndiye aliyekuwa rais. Kwa hiyo kurudi si aibu. Tofauti ni jambo ambalo mtu anaondoka kwalo. Mwinyi aliondoka kubeba makosa ya walio chini. Hapa kwetu, waziri huondoka ili apate nafasi ya kusafisha jina lake, na walio chini ndio hubeba makosa.

Na kashfa zenyewe haziishi kwa mtu kuondoka. Mei 2014 serikali ya Kenya ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili zilizohusiana na kandarasi za Anglo Leasing, baada ya kushindwa kesi ng'ambo, ili njia ya kuuza hatifungani ya Eurobond isizibwe. Rais aliyeidhinisha malipo hayo alikuwa Uhuru Kenyatta, mwenyekiti yuleyule wa kamati iliyomsikiliza Githongo kwenye ubalozi wa London miaka minane kabla. Kitabu cha Wrong kilikuwa kimekwisha kuchapishwa, kwa hiyo hangeweza kukiweka kipande hiki. Lakini nadhani kingemsumbua. Kitabu kilichojengwa juu ya zamu za makabila kingeelezaje mlo ambao unaendelea kulipiwa hata baada ya wapishi kubadilishwa, na aliyekuwa anaukagua akageuka kuwa mlipaji?

Vitabu hivi vinasomeka kwa uharaka mpya tangu Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na Rais William Ruto kuwafuta karibu mawaziri wake wote. Wakenya wengi walishangilia usiku ule. Ndani ya wiki mbili kadhaa wao walikuwa kwenye orodha mpya. Vijana waliocheka mitandaoni waliona kama ni kituko cha mwaka huo. Waliosoma Wrong na Kahora walijua ni mchezo wa zamani wenye waigizaji wengine, na kwamba swali la kuuliza si nani amefutwa. Ni nani ndani ya wizara aliona, alitaka kusema, na alitazama mshahara wake akanyamaza.

Mtu huyo bado hana kitabu. Pia hana sheria: mswada wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa kwa zaidi ya mwongo mmoja, unaandikwa, unasifiwa, unawekwa kabatini. Tumekuwa na mwandishi wa kigeni aliyemwandikia katibu wa kudumu, na tumekuwa na Kahora aliyemtafuta karani akiwa bado hai na kumsikiliza. Kati ya kazi hizo mbili, ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, na ndiyo ninayotaka waandishi wetu vijana waiige. Mawaziri watajiandikia wenyewe kumbukumbu zao. Wana muda, na wana wachapishaji. Nenda ukamtafute aliyepiga chapa kandarasi. Kuna uwezekano amestaafu, ana kiduka mahali fulani, na kwa miaka 20 hakuna aliyemuuliza chochote.